Mkuu Wetu wa Kidijitali

Alikuwa na simu mbili na kalamu moja, na katika vitu hivyo vitatu kilichofanya kazi ya maana kila siku ni kalamu. Simu moja ilikaa mfukoni. Nyingine aliining'iniza kifuani kwa kamba, ndani ya kipochi cha ngozi, hata mgeni aliyefika shuleni kwetu mara ya kwanza hakuhitaji kuuliza Mwalimu Mkuu ni nani. Sisi tulimwita Mkuu, basi. Nilifanya kazi chini yake miaka tisa katika shule ya msingi moja huku juu, ukishapanda mlima kutoka Masasi na kuipita Newala mjini. Ukoo wake na kuzaliwa kwake sitavieleza. Kwanza sivijui vizuri, halafu yeye mwenyewe alikuwa akisema mtu wa kisasa haulizwi alikotoka, anaulizwa anatumia mtandao gani.

Maneno ya namna hiyo alikuwa nayo tele. "Dunia imeshahama, ninyi bado mnafunga mizigo," alituambia karibu kila Jumatatu. "Chaki ni vumbi, na vumbi ni umaskini." Mwalimu aliyechelewa kutuma mahudhurio aliitwa analojia, na kinywani mwa Mkuu hilo lilikuwa tusi la nguoni. Mimi niliitwa analojia mbele ya wenzangu mara nyingi mpaka nikawa naitika.

Mtandao wenyewe, kwa taarifa yako, shuleni kwetu ulipatikana mahali pamoja tu: juu ya kichuguu nyuma ya choo cha wavulana. Mkuu alitaka mahudhurio yatumwe kwa simu kabla ya saa mbili na nusu, kwenye grupu, pamoja na picha. Kwa hiyo kila asubuhi walimu saba tulipanga foleni nyuma ya choo, tunapanda kichuguu mmoja mmoja, tunanyoosha mkono juu, tunashuka. Darasani watoto wanapigana na kurushiana mabibo, wakisubiri tumalize kuripoti kwamba tunawafundisha. Mkuu alipanda wa mwisho, kwa heshima ya cheo, na pale juu alirekodi ujumbe wa sauti kwa wakubwa wa wilaya. Alianza na "kwa kifupi," akamaliza baada ya dakika nne, na harufu ya mahali pale haikumsumbua hata kidogo.

Msemo wake mkubwa kuliko yote ulikuwa huu: "Kisichopigwa picha hakijafundishwa." Alikuwa akipita madarasani na ile simu ya kifuani, anachungulia dirishani, na watoto wakawa wamezoea. Simu ikiinuliwa, mikono nayo inainuka, hata kama hakuna aliyeuliza swali. Siku moja katikati ya somo nilitoa simu yangu nitazame saa, mikono arobaini ikapaa. Nikamnyooshea mtoto mmoja kwa mazoea. Alisimama, akatabasamu, akakaa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifundisha, na kwenye grupu tulikuwa tukipongezwa.

Vishikwambi vilipoletwa, kimoja kwa kila mwalimu, nilidhani siku hiyohiyo tutaondoka navyo. Hapo nilikuwa simjui Mkuu. Alivipokea kwa mikono miwili, akavihesabu mara tatu, akavifungia ndani ya kabati la chuma ofisini kwake, akatuambia vitatoka siku ya uzinduzi, mgeni rasmi akipatikana.

"Ninyi ni watu wa huku, mnajua mila," alisema. "Mwali haonekani ovyo. Anakaa ndani, anafundwa, siku yake ikifika anatolewa kwa ngoma na watu wanashangilia. Kishikwambi ni mwali."

Tulicheka, tukadhani ni utani. Hakuwa akitania. Mwali alikaa ndani mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano, maana mgeni rasmi alikuwa akipatikana na kukosekana. Kungwi wa mwali alikuwa Mkuu mwenyewe, na kazi yake ilikuwa kufungua kabati kila Ijumaa, kufuta vumbi kwenye maboksi kwa kitambaa cha maji, na kufunga. Kumfunda hakumfunda, kwa sababu hakuna kungwi anayefunda asichokijua. Hatimaye alipatikana mgeni, sijui alikuwa na cheo gani, lakini alikuja na gari. Tukapiga ngoma kweli. Akina mama wa kijiji walipiga vigelegele, maboksi yakaletwa juu ya meza iliyofunikwa kanga mpya, Mkuu akafungua la kwanza na kubonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, akakigeuza, akakipulizia. Miezi mitano bila chaji, vyote vimezimika kabisa. Mgeni rasmi, ambaye naamini alikuwa na safari nyingine, alipiga makofi akasema tumeona, akapanda gari. Picha zilipendeza mno.

Haya ninayasimulia kwa kucheka, na kwa kweli miaka ile tulicheka sana, hasa mimi. Nilikuwa na kipaji cha kumwigiza. Nilikuwa nikining'iniza dasta shingoni kwa kamba ya kiatu, napanda juu ya kiti, nasema "kwa kifupi," na ofisi nzima inakufa kwa kicheko. Lakini nisimpunje mtu haki yake, maana kuna siku nilimwona akifundisha.

Ilikuwa siku ya projekta. Alikuwa ameiazima Newala pamoja na jenereta, awaonyeshe darasa la sita mzunguko wa maji. Madirisha yetu hayana vioo wala mbao, kwa hiyo aliagiza wazazi walete maturubai ya kuanikia korosho tuzibe mwanga. Watoto tisini walikaa gizani, wanahema, wanakohoa kwa salfa, ile dawa ya mikorosho, iliyobaki kwenye maturubai, na ukutani maji ya buluu yakawa yanaporomoka kutoka kwenye mawingu. Mtoto mmoja akauliza, kwa adabu, "Mwalimu, hayo maji yako kijiji gani?" Hakuuliza kwa ujinga. Huku kwetu maji ni ya kushuka bondeni na kupanda nayo kichwani, na mtoto akiyaona yanamwagika hivyo lazima aulize. Mkuu kabla hajajibu, jenereta ikakata.

Alipapasa gizani mpaka ukutani. Kisha akatoa turubai moja dirishani, akaokota kipande cha chaki chini, akaanza kuchora. Alichora mlima wetu huu, na bonde, na wanawake wenye ndoo. Akachora mvua inakoanguka, jinsi udongo wetu wa mchanga unavyoinywa yote, na jinsi inavyokwenda chini kwa chini mpaka kutokeza kule chini mabondeni, ambako ndiko mama zao wanakoifuata. Hakupaza sauti hata mara moja. Aliwauliza maswali wakajibu wenyewe, na wale watoto tisini walikuwa kimya kwa raha. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuona somo zuri kama lile. Kengele ilipolia aligeuka, akaniona mlangoni, akafuta ubao wote haraka, upande mmoja mpaka mwingine, uso umemshuka kwa aibu. "Umeme wa watu wengine hauaminiki," akasema, akatoka. Somo lile halikupigwa picha.

Sasa nimlete Somoe, maana bila yeye haya yangekuwa masimulizi ya kuchekesha tu.

Somoe aliingia darasani kwangu akiwa la tano. Walimu waliomtangulia waliandika kwamba ni mzito. Mimi niliona mtoto anayeshika kitabu puani na kukinusa, akitoka hapo anakariri kurasa nzima alizosomewa na jirani yake. Nilimwambia mama yake, tukampeleka hospitali ya misheni huko chini, wakatuambia miwani haitamsaidia sana. Ana uoni hafifu. Apewe maandishi makubwa atasoma kama wengine. Maandishi makubwa tungeyapata wapi? Nilimwandikia kwa mkono kwenye karatasi za manila, herufi za ukubwa wa kidole gumba, mpaka usiku mkono unauma.

Vishikwambi vilipochajiwa hatimaye, nilimpa Somoe changu. Nilimwonyesha namna ya kutanua maandishi kwa vidole viwili. Alitanua, akatanua tena, mpaka neno moja likajaa kioo chote. Alilisoma. Kisha akalisoma la pili, na la tatu, na alipofika mwisho wa aya aliniangalia akaniambia, "Mwalimu, kumbe hadithi yenyewe ni fupi." Nililia, sioni aibu kusema. Kwa hiyo mtu asinihesabu miongoni mwa wanaochukia teknolojia. Nilikuwa nampinga Mkuu. Kishikwambi sikuwahi kukipinga.

Mkuu mwanzoni alikuja juu. Kishikwambi ni cha mwalimu, mtoto atakivunja, nani ataandika maelezo wilayani? Siku ya tatu alipita dirishani na simu yake, akamwona Somoe anasoma, akapiga picha. Jioni ile kwenye grupu: "Shule yetu inavyomkomboa mtoto wa kike mwenye uoni hafifu kupitia TEHAMA." Wakubwa wakajibu kwa makofi na vidole gumba. Kuanzia hapo Somoe akawa wake. Wageni wakija anaitwa Somoe. Ikifika wiki ya elimu anatangulizwa Somoe, amevalishwa sare ya kuazima. Yule binti hakupenda, lakini alikuwa anasoma, na alipofika la saba alikuwa wa nne kati ya watoto themanini na kitu. Alitaka kuwa mwalimu. Mama yake, Mama Somoe, mwanamke asiyesema sana, alikuja kwangu na bakuli la ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, akaniuliza swali moja tu: "Mama Shabani, kwenye mtihani watampa ile kompyuta?"

Nikamweleza kwamba hawatampa. Ila upo utaratibu: mtahiniwa mwenye uoni hafifu anachapiwa karatasi yake ya maandishi makubwa na kuongezewa muda. Kinachotakiwa ni shule imwandikishe hivyo wakati wa usajili. Ni alama moja tu kwenye mfumo. Akashukuru, akaondoka na bakuli lake.

Na mfumo, hapo ndipo palipokuwa na Mkuu. Kabla ya mambo haya usajili wa la saba tuliuandika kwa mkono, walimu wote mezani, mmoja anasoma majina, mwingine anaandika, wa tatu anabisha. Ulipohamia kwenye mtandao Mkuu akautwaa peke yake. Nywila aliitunza yeye. Tukimuuliza tumsaidie alisema, "Mfumo si daftari la mahudhurio, Mama Shabani." Alikuwa akiondoka asubuhi na bahasha ya majina, amevaa koti, anarudi jioni amechoka, anasema mfumo ulikuwa mzito lakini ameupatia. Kumbe alikuwa anakwenda Newala kwenye kibanda cha steshenari, anakaa kwenye kiti cha plastiki, na dada wa pale ndiye anayefungua mfumo, anayeandika majina na anayebonyeza. Mkuu alikuwa anamsomea. Mtu aliyetuita analojia miaka tisa alikuwa hajui kuingia kwenye mfumo, na nywila yenyewe alikuwa nayo yule dada, kwenye daftari lake, katikati ya nywila za shule nyingine.

Mwaka wa Somoe nilimkumbusha Mkuu mara mbili kabla hajaondoka. "Mkuu, usisahau Somoe, maandishi makubwa." Akanijibu kwamba Somoe anamjua kuliko mimi, ana picha zake zaidi ya ishirini.

Dada wa steshenari alinieleza baadaye ilivyokuwa, nilipokwenda kumuuliza. "Nilifika mahali pa mahitaji maalumu," aliniambia, "nikamuuliza, mzee, kuna mtoto mwenye tatizo lolote? Alikuwa anaongea na simu, na hapa watu walikuwa wengi. Akanifanyia hivi." Akapunga mkono mbele, kama mtu anayemwambia mwendesha pikipiki apite. "Akasema, endelea, endelea." Nikamuuliza kwa nini hakurudia swali. Akaniambia yule mzee hapendi kuulizwa mara mbili mbele za watu.

Hapa sasa lazima niseme na langu.

Orodha ya watahiniwa iliporudi imechapishwa, ilibandikwa ofisini kwa ajili ya uhakiki. Kila mwalimu wa la saba anatakiwa aipitie, aone majina yameandikwa sawa, atie saini chini. Niliipitia. Safu ya mwisho ilikuwa ya mahitaji maalumu, na mbele ya jina la Somoe palikuwa na kistari, kama kwa wenzake wote. Nilikiona kile kistari. Nilikiangalia muda wa kutosha.

Siku mbili kabla ya hapo Mkuu alikuwa amenisimamisha kikaoni, mbele ya walimu na wajumbe wa kamati ya shule, akasema kuna walimu wa chaki wanaorudisha shule nyuma, na akanitazama. Bado lilikuwa linaniunguza. Nilijua orodha ile itakwenda kwenye uhakiki wa kata, ambako walimu wakuu wote wanakaa chumba kimoja na kila orodha inasomwa. Nikasema moyoni: acha. Acha wakamuulize kule, mbele ya wenzake, yule mtoto wa kwenye picha mbona mfumo haumjui. Nilishaanza kupanga nitakavyoisimulia ofisini, na dasta yangu shingoni. Nikatia saini.

Kule kata orodha hazikusomwa. Mvua ilikuwa inanyesha, watu walikuwa na haraka ya kurudi, kila mkuu akatia saini, afisa akagonga muhuri, chai ikaletwa. Orodha ya shule yetu ilirudi na saini nne na muhuri mmoja, na kistari kiko palepale.

Ndipo nikashtuka, nikaenda ofisini kwa Mkuu nikafunga mlango. Nilimwambia Somoe hakuwekewa alama. Alisema amemweka. Nikamwonyesha karatasi. Aliishika mbali, akaishika karibu, akasema hiyo ni karatasi tu, kwenye mfumo yupo.

"Mkuu, hii karatasi imetoka kwenye mfumo."

"Mfumo haukosei, Mama Shabani. Wanaokosea ni watu."

"Basi andika barua, niipeleke wilayani mwenyewe kesho."

"Barua," alisema, akacheka kidogo, peke yake. "Karne hii nimpelekee mtu barua kwa basi? Nitatuma kwenye grupu."

Alipanda kichuguu akatuma. Ujumbe wake ulianguka kati ya rambirambi za msiba na picha za mwenge wa shule nyingine, na hakuna aliyejibu. Mimi ningeweza kupanda basi na kwenda kwa afisa elimu bila barua. Niliogopa kuambiwa nimeruka ngazi. Wiki moja baadaye tukatangaziwa kwamba usajili umefungwa.

Siku ya mtihani walimu wa shule hatukaribii. Tulikaa kijijini, tukasubiri. Somoe alitoka mchana wa siku ya kwanza akaja moja kwa moja kwangu, pua ina wino mweusi. Hakulia. Aliniambia, "Mwalimu, ile karatasi ilikuwa ya wenzangu." Alisoma maswali kumi na saba, akiinusa karatasi, kabla muda haujaisha. Mengine alibahatisha. Msimamizi aliyetoka shule nyingine alimwonea huruma, lakini karatasi ya maandishi makubwa hakuletewa, na asingeweza kuitoa mfukoni mwake.

Hakuchaguliwa. Mama yake alipokea kama watu wa huku wanavyopokea mengi, akasema ni serikali, akasema ni Mungu. Somoe alikaa nyumbani akaanza kubangua korosho za kuuza mitaani pamoja na mama yake. Anabangua kwa kupapasa. Maganda ya korosho yana mafuta yanayounguza, na mtu anayeona vizuri bado yanamchoma. Vidole vyake vimekuwa vyeusi mpaka kwenye kucha. Mtoto aliyeniambia hadithi ni fupi.

Nilimchukia Mkuu baada ya hapo, tena waziwazi. Sikumwigiza tena, kwa sababu kuigiza kuna mapenzi ndani yake. Nilimsema. Niliwasimulia walimu habari za dada wa steshenari, za kiti cha plastiki, za "endelea, endelea." Nilisimulia mpaka Tandahimba kwenye semina. Kila niliposimulia watu walitikisa vichwa, wakasema masikini yule mtoto, wakasema viongozi wa namna hii ndio wanaotumaliza. Kile kistari nilichokiona na saini niliyotia sikuviweka kwenye masimulizi, na masimulizi yalikuwa mazuri bila hivyo. Yeye alisikia, lazima alisikia. Hakunijibu hata siku moja. Alistaafu mwaka uliofuata, tukamchangia, tukampa spika ya bluutuuthi, naye akatoa hotuba kuhusu kasi ya dunia, akashuka kwenda kuishi Masasi.

Nilimwona tena mwaka huu, mwezi wa nane. Nilikuwa kwa mama lishe wa kituoni, pale magari ya Masasi yanaposimama, nikamkuta amekaa kwenye benchi na chai ya rangi. Amepungua. Viatu vimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye soksi, na kwa hilo nikajua ametembea kijijini kwa miguu.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Mama Shabani. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Umetuletea nini kutoka bondeni?"

"Nimeleta mdomo tu," alisema. Akasogea nikae. Alikunywa chai kidogo, akatazama barabara. "Nimetoka kwa akina Somoe."

Niliagiza chai nami.

"Nimekuwa nikilipanga tangu nistaafu. Mara mbili nilipanda gari nikashukia Newala, nikarudi. Leo nimefika. Nimemkuta mama yake uani, na yeye Somoe, wanabangua. Nikawaambia. Nikasema, mama, wewe umesema ni serikali, umesema ni Mungu. Ni mimi. Niliulizwa na yule dada wa Newala nikamwambia endelea, kwa sababu nilikuwa sijui tuko ukurasa gani, na watu walikuwa wananitazama. Mwalimu mwenzangu akaniletea karatasi nikaikataa. Nikamcheka alipotaka barua."

"Akasemaje?"

"Aliendelea kubangua. Muda mrefu. Halafu akaingia ndani akaniletea maji ya kunywa." Aliweka kikombe chini. "Kikombe kimejaa. Na maji ya huku unayajua yanapotoka."

Mama lishe alikuwa anasonga ugali nyuma yetu, na nilisikia mwiko unavyogonga sufuria. Nilitaka azungumzie jambo jingine, lolote, hata mtandao.

"Somoe aliniuliza swali moja," Mkuu akaendelea. "Aliniuliza, Mkuu, kuna mwingine yeyote aliyejua kabla usajili haujafungwa, akanyamaza? Nikamwambia hakuna, mwanangu. Mama Shabani alipojua tu alikimbia kuniambia. Wa kulaumiwa ni mimi peke yangu. Ulinisema kila mahali, najua, na ulikuwa na haki yako. Nimetaka ujue kwamba jina lako sikulichafua."

Gari la Masasi likapiga honi. Alijipapasa akatafuta mfuko wake, nikauchukua mimi, nikambebea mpaka mlangoni, nikamsaidia kupanda. Mdomo wangu ulikuwa na maneno, na gari lilikuwa bado halijaondoka, na konda alikuwa bado anaita abiria.

"Safari njema, Mkuu," nikamwambia.

Nyumba ya akina Somoe iko kwenye njia yangu ya kurudi nyumbani, mlango wao unatazama barabara. Siku ile nilipita kwa nyuma, kwenye mikorosho, na mpaka leo ndiko ninakopita.